Alhamdulillahi ya Baba

Baba yangu alikuwa mpika halwa. Nasema alikuwa, na yu hai. Yuko chumba cha pili ninapoandika haya, anasikiliza redio. Lakini mwiko wake umeegemezwa kwenye kona ya jiko tangu mwaka juzi, na sababu yake naijua mimi kuliko mtu mwingine yeyote.

Asiyepika halwa hudhani ni kazi ya sukari. Ni kazi ya mgongo. Karai letu la shaba lilikuwa pana hata mtoto angeweza kuogeshwa ndani yake, na mwiko ulikuwa mrefu kama kafi. Wanga ukishaanza kushika huwezi kuuacha hata kidogo, maana utaganda chini na kuungua, na halwa iliyoungua chini hunuka moshi mpaka juu. Baba alikuwa akiinama juu ya karai baada ya sala ya alfajiri, na jua lilimkuta pale pale, anakoroga, anatia samli kidogo kidogo, hasemi na mtu. Alifanya hivyo kwa miaka arobaini. Harusi nyingi za mitaa ya Mkomani na Langoni hapa Lamu zimepita kwenye mgongo wake, na wala waliokula hawakujua.

Maumivu yalianza kiunoni, yakashuka mguu wa kushoto mpaka kidole gumba. Akakandwa kwa mafuta ya simsim. Akapewa vidonge hospitalini, vikamtuliza wiki mbili, kisha mambo yakarudi pale pale. Baba hakulalamika, lakini nilimwona alivyobadilika siku alipoanza kuswali kwenye kiti. Msikitini alihamia safu ya nyuma, karibu na nguzo, akawa anainamisha kichwa tu wenzake wanapokwenda chini. Siku moja nilimuuliza anataka nini hasa, apone maumivu au arudi kwenye karai. Akaniambia, "Karai si kitu. Nataka kitwa changu kifike tini."

Yaani alitaka kusujudu. Hakuwa na ombi jingine.

Ndipo nikasikia habari za daktari wa uti wa mgongo aliyekuwa akija Mokowe, ng'ambo ya maji, Jumamosi mbili kila mwezi. Alikuwa mtu wa bara, amesomea nchi za nje, kazi yake kubwa iko Mombasa. Si daktari wa vidonge wala wa kisu. Anatibu viungo vya mgongo kwa mikono. Watu wa mjini hawakukawia kumpa jina: mvunda mongo, mvunja mgongo. Mimi nilisoma habari za utabibu huo kwenye simu, nikajiona najua. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kazi yangu ni kuwaambia watoto kila siku wasome swali vizuri kabla ya kulijibu. Nilimshawishi Baba kwa juma zima, nikimweleza kitakachotokea: ataulizwa, atatazamwa anavyotembea, atalazwa, atabonyezwa, na viungo huenda vikalia kama vidole vinavyolia ukivivuta. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi twende. Hata nikivundwa, nimeshavundika."

Siku ile alikataa kupanda punda. Akaenda kwa miguu mpaka gatini, na kwenye kila baraza alisimama kusalimu watu. Wengine walifurahi, wakadhani uzee umemfanya mtu wa maneno. Nilijua kuwa anapumzika. Kila mmoja alimuuliza hali, na kila mmoja akapewa jibu lile lile, "Alhamdulillahi."

Hapa sina budi kueleza kitu, kwa sababu habari yote imeangukia hapo. Kwetu Lamu mtu akikuuliza hali, si lazima umwambie hali yako. Unamshukuru Mungu mbele yake, mkaachana. Alhamdulillahi peke yake inaweza kuwa na maana yoyote. Lakini mtu akiongeza "ala kulli hali", kwamba anashukuru kwa hali zote, basi mzaliwa wa hapa anajua kuwa mambo si mazuri, na adabu ni kuinamisha kichwa na kutouliza zaidi. Tunaijua tofauti hiyo tangu utotoni, kabla hata ya kujua kuvaa viatu bila kubadilisha miguu.

Tulivuka kwa boti, na chumba cha daktari kilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kilikuwa kisafi, kina kitanda chembamba chenye tundu la kuwekea uso. Baba akalitazama lile tundu kwa muda.

"Kwetu kitanda cha tundu ni cha kuoshea maiti," akasema.

Daktari akacheka, akasema hili ni la kupumulia. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Akanipa karatasi ya maswali nimjazie mzee, kwa kuwa Baba aliacha miwani nyumbani. Tukaketi kwenye benchi, bega kwa bega. Maumivu yalianza lini. Yanazidi ukikaa au ukisimama. Umewahi kuanguka. Umepungua uzito bila sababu. Una homa. Nilimsomea moja moja, akajibu, nikaandika. Kisha nikafika chini kabisa ya karatasi. Kuna ganzi katikati ya mapaja? Kuna mabadiliko yoyote katika kwenda haja, ndogo au kubwa?

Lile swali nililisoma kwa macho tu. Mimi ni mwanawe wa kike. Sijapata kumwona Baba bila fulana. Akitaka kwenda msalani husema "natoka kidogo", na sisi sote hutazama kwingine. Tangu Mama afariki tumeishi nyumba moja miaka mingi na hakuna neno la aina hiyo lililopita kati yetu. Nikatia alama kwenye "hapana" mara mbili, kwa wino wa bluu, nikairudisha karatasi.

"Umemaliza?" Baba akaniuliza.

"Nimemaliza."

Daktari akaanza. "Mzee, unaskia aje leo?"

"Nasikia," Baba akamjibu. "Masikio yangu mazima."

Tulicheka sote watatu. Kisha daktari akapitia karatasi, na alipofika kule chini akashusha sauti, akauliza kwa mdomo wake, "Na choo, mzee, mkojo, hakuna shida?"

Baba hakumtazama. Alitazama mlango. "Alhamdulillahi."

Daktari akanigeukia mimi. Karatasi ilikuwa mkononi mwake na alama zangu mbili za bluu.

"Yuko sawa," nikasema.

Akampima vizuri, sina la kumlaumu. Alimtembeza kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Alimgonga magoti kwa kinyundo cha mpira. Alimlaza chali akamwinua mguu mmoja mmoja, akamwambia akaze kidole gumba huku yeye anakisukuma. Cha kushoto kilikuwa dhaifu. Akatueleza kuwa kuna mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kiuno, na hataki kuuzungusha mgongo wa chini kabla ya kuona picha. Siku ile alifanya kazi ya polepole tu, na mgongo wa juu ndio alioubonyeza kwa nguvu. Ukalia. Mimi niliruka kwenye kiti, Baba hakutikisika. Daktari akasema mlio ule si wa mfupa, ni hewa ndogo inayotoka kwenye maji ya kiungo, na wala mlio sio dawa. Kuna watu hupona bila kulia na wengine hulia bila kupona.

Kabla hatujaondoka akasema maneno ninayoyakumbuka kama yalivyo, kwa sababu nimeyarudia moyoni mara nyingi. Kwamba kesho na kesho kutwa mzee ataumwa kama mtu aliyebeba mizigo, asiogope. Kwamba afanye mazoezi aliyomwonyesha, kidogo kidogo. "Lakini miguu ikizidi kulegea, au ganzi ipande huku juu, au choo kibadilike, msiningojee mimi. Mwende hospitali siku hiyo hiyo." Baba akaitikia kwa kichwa, nami nikaitikia.

Juma lile lilikuwa zuri. Aliumwa siku mbili kama alivyoambiwa, kisha mgongo ukamwachia. Ijumaa alirudi msikitini akanikuta uani nachambua mchele, akasema, "Yeo kimefika." Nilielewa bila kuuliza. Alikuwa na alama ndogo ya vumbi la zulia kwenye paji la uso, na hakuifuta. Nilifurahi, na zaidi ya furaha nilijisifu. Nikawaeleza majirani habari za mlio na hewa na maji ya kiungo kana kwamba mimi ndiye niliyekwenda kusoma nchi za nje.

Haikuendelea hivyo. Tulipovuka mara ya pili, baada ya wiki mbili, Baba alikuwa amerudi kwenye kiti chake cha nguzoni. Tulipeleka picha aliyopigwa hospitalini. Daktari akaiangalia dirishani, akasema hii huonyesha mifupa tu, mishipa haionekani, itabidi twende Mombasa kwenye mashine kubwa zaidi. Tukakubaliana tutakwenda mwezi utakaofuata, mtihani wa shule ukiisha. Ratiba ilikuwa yangu. Kisha akamuuliza Baba anaendeleaje.

"Alhamdulillahi," Baba akasema. Kisha akaongeza, "Ala kulli hali."

"Amina, amina," daktari akajibu kwa furaha, maana alikuwa Mkristo mwenye heshima na alidhani amesikia habari njema. Akaandika kwenye karatasi. Niliweza kuyasoma maandishi yake kutoka pale nilipokaa. Aliandika kuwa mgonjwa anaripoti nafuu.

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini Baba alikuwa ameketi kando yangu, amevaa kanzu aliyoipiga pasi mwenyewe kwa ajili ya safari ile, na kumsahihisha mbele ya mgeni, kusema "anasema hivi lakini maana yake ni vile", kulikuwa ni kumvua nguo. Ndivyo nilivyoona wakati ule. Nikaufunga mdomo. Mtu yeyote wa mjini angefanya kama mimi, na ndiyo maana sijisamehei, kwa sababu mle ndani mtu wa mjini alikuwa ni mimi peke yangu, na kazi niliyojipa ilikuwa ni kumfasiri.

Alhamisi kabla ya safari ya tatu nilipanda juu ya paa kuanika nguo za shule. Nikakuta vikoi vitatu kwenye kamba. Vilikuwa vya Baba, vimekamuliwa ovyo, vinatiririsha maji. Baba hajapata kufua nguo maishani mwake. Alifuliwa na mama yake, kisha mkewe, kisha mimi. Nilisimama mbele ya vile vikoi na nikajua. Sitaki kujipamba hapa kwa kusema nilihisi au nilishuku. Nilijua, na maneno ya daktari niliyakumbuka, siku hiyo hiyo.

Nikashuka. Nikatengeneza chai, nikampelekea.

"Umeamkaje, Baba?"

"Alhamdulillahi."

Nikaenda shule. Ijumaa nikaenda shule tena. Nilijiambia Jumamosi haiko mbali, daktari atamuuliza, na daktari ni mwanamume mwenzake. Nilikuwa tayari kungoja siku mbili ili mtu mwingine aseme neno nililolionea haya. Nikikumbuka hilo huwa nataka kujipiga.

Jumamosi, kwenye ngazi za lile duka, nilimwona Baba akishika suruali yake gotini na kuuinua mguu wa kushoto kwa mkono ili upande kidato. Alifanya hivyo kwenye kila kidato. Nilikuwa nyuma yake.

Daktari alipoona anavyoingia, uso ulimbadilika. Hakukaa. Akauliza moja kwa moja, "Mzee, niambie ukweli. Mkojo ukoje? Na huku katikati, ukijigusa unasikia?"

Baba akatazama mlango. Ilikuwa mara ya pili kumwona akiutazama mlango ule kwa swali lile, na mara ya kwanza nilidhani anatafuta njia ya kuondoka. Macho yake yakatoka mlangoni yakaja kwangu, kisha yakarudi mlangoni. Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa akitaka kutoka yeye.

Nikasimama. "Baba, natoka kuulizia boti ya kurudi," nikasema. Boti hazina haja ya kuulizwa, huondoka zikijaa, na yeye anajua hilo kuliko mimi.

"Ndoo polepole," akanijibu, yaani nisiharakishe kurudi.

Nilisimama kwenye ngazi, mlango umefungwa. Sikusikia maneno, nilisikia sauti tu. Ilikuwa ni sauti ya Baba, ya chini, haikatiki. Hajapata kuzungumza muda mrefu namna ile ndani ya chumba kile. Chini, dukani, mtu alikuwa akipima misumari kwa kilo, na nilisikia misumari ikimwagika kwenye mizani mara mbili, Baba bado anazungumza.

Daktari akafungua mlango. "Leo simgusi," akasema. "Kazi yangu imefika mwisho hapa. Hii ni ya upasuaji, na ni sasa hivi, si kesho." Alikwisha shika simu. Akaniangalia, akauliza bila ukali wowote, "Ile karatasi ya kwanza uliijaza wewe?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa polepole, akaendelea na simu. Afadhali angenitukana.

Alitutafutia gari, akaandika barua, akakaa nasi mpaka tukaondoka. Baba alilazwa kiti cha nyuma, na kwa safari yote ya Mombasa alikuwa akivuta uradi wake. Alipasuliwa kesho yake asubuhi. Daktari wa kisu alitueleza kuwa diski iliyotoka mahali pake ilikuwa imeukandamiza mkia wa uti wa mgongo, na mishipa iliyobanwa muda mrefu hairudi yote. Nilimuuliza muda mrefu ni kiasi gani. Akaniambia kila siku ina uzito wake. Nilikuwa na siku zangu mbili na nilijua uzito wake.

Baba anatembea. Anatumia mkongojo, na mguu wa kushoto anauburura, na akivaa kandambili hawezi kujua kama imemvuka mpaka atazame. Msikitini ana kiti chake. Kitwa hakifiki tini, na sidhani kitafika tena. Maumivu, kwa ajabu ya Mungu, yamekwisha.

Watu huniuliza kama nawashauri waende kwa wale wanaotibu mgongo kwa mikono. Nawaambia waende. Nawaambia daktari wetu alikuwa na mikono mizuri na alijua wapi pa kuishia, na kwamba kazi nusu ni ya mikono yake na nusu ni ya mdomo wa mgonjwa. Nawaambia pia wachague vizuri mtu wa kufuatana naye. Hapo huwa sielezi zaidi.

Baba alilitaja jambo hili mara moja tu, tukiwa tumerudi nyumbani kama mwezi hivi. Nilikuwa namvika soksi ya kushoto. Alisema kwa utaratibu, kama anayenieleza kipimo cha samli.

"Ungalitoka siku ile ya kwanda, ningalisema."

Mikono yangu ikasimama kwenye soksi. "Kwani ilikuwa imeshaanza?"

"Ilikuwa imeshaanza."

"Si ungeniambia nitoke, Baba?"

Alinitazama kama nilivyokuwa nikitazamwa nilipokuwa mdogo na nimeuliza jambo la kipumbavu. "Ningalikwambia toka, ungalijua."

Nililia pale pale, soksi mkononi, na yeye akaniwekea kiganja kichwani mpaka nilipomaliza.

Siku hizi kila asubuhi namletea kahawa, lakini siingii. Naiweka chini, nje ya pazia la chumba chake.

"Umeamkaje, Baba?"

"Alhamdulillahi."

"Haya. Natoka."

Siendi popote. Naligeuzia pazia mgongo, nasimama na daftari ambalo daktari wa kisu ametaka nilijaze. Baba anajua nipo, anakiona kivuli changu chini ya pazia. Anangoja kidogo, kisha anasema, si na mimi, anasema na ukuta. Hunena kuwa mai, yaani mkojo, yametoka yenyewe, au hayakutoka. Hunena ganzi imefika wapi. Leo, kwa habari ya jana, amesema, "Yana nimelowa. Sikuyua mpaka nilipoamka."

Nikaandika kama alivyosema, neno kwa neno, kisha nikaenda kuchota maji ya kufulia.